Faini Niliyotozwa na Mtani Wangu

Niseme mapema, kabla mtu hajanisemea: mimi si mwoga, na sikuwahi kuwa mwendawazimu. Mimi ni fundi bati. Nusu ya ndoo zinazoteka maji Tabora zimepita mikononi mwangu, na nusu iliyobaki zinavuja. Shule nilikaa madarasa mawili tu, maana baba alikufa na mizinga yake ya nyuki ikakosa mtu wa kuipandisha mitini. Lakini leo nina karakana Mtendeni yenye milango miwili, nina mafundi wanne niliowafundisha mwenyewe, nina baiskeli, nina nyumba ambayo kila msumari wa paa lake niliupiga mimi. Hakuna aliyenipa. Hata maandishi haya nayaandika kwa mkono wangu, na anayetaka kuucheka mwandiko na acheke. Nimeshachekwa zaidi ya hapo.

Naandika kwa sababu nimechoka kuulizwa pembeni. Wanakuja karakana wanaume wazima, wale tuliokwenda nao vitani. Wanajifanya wanataka taa ya koroboi, wanashikashika vitu, wakiona mafundi wametoka wananisogelea: "Ati wewe ulipona vipi?" Wanaogopa hata kuutaja ugonjwa. Basi leo nasema mara moja kwa wote, na atakayenijia tena kwa kunong'ona nitamuuzia koroboi kweli.

Tuliporudi kutoka Burma nilishuka stesheni na koti la jeshi, buti zinang'aa, utepe kifuani. Walitupanga mstari, Mzungu mmoja akatoa hotuba, tukagawiwa blanketi moja moja, tukaambiwa tuweke dole gumba kwenye karatasi. Mimi dole gumba nilikataa, niliandika jina. Kisha basi, nendeni kwenu. Miezi na miezi walitufundisha namna ya kwenda kule: kutambaa, kulenga, kulala na buti. Namna ya kurudi hakuna aliyetufundisha hata asubuhi moja. Hilo halijanitoka rohoni mpaka leo, na sitaki linitoke.

Mwanzoni nilidhani ni homa. Umekaa kitako, moyo unakimbia kama umepanda kilima. Jasho linakutoka kivulini. Mabehewa yakigongana stesheni, mimi niko chini. Upepo ukibamiza mlango, mimi niko chini. Nyundo yangu mwenyewe haikunisumbua hata siku moja, kwa sababu mkono wangu unajua pigo linakuja lini. Tabu ilikuwa kelele za wengine. Kwa hiyo nikawa napiga bati kutwa bila kupumzika, nizifunike kelele zao kwa za kwangu, na watu wakasema, tazameni bidii ya yule bwana! Kweli nilitajirika, lakini nilitajirika kwa ugonjwa.

Dawa nilitafuta, asiseme mtu sikutafuta. Dresa mmoja wa hospitali alinitazama ulimi, akanigonga mgongo, akasema, "Wewe mzima kama fahali," akanipa dawa nyeupe ya chupa. Mganga mmoja wa kwetu Ipuli alinichanja kifua. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliniandikia kombe, aya zilizooshwa kwa maji, nikalinywa lote. Siwatukani, kila mtu na kazi yake. Ila katika wote watatu hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Na mimi, nisidanganye, nilifurahi kutoulizwa.

Mwaka wa tano tangu nirudi, binti yangu alikuwa na miaka mitatu. Mchana, jua kali, anachezea vyombo vya mama yake uani. Akaangusha sinia la shaba juu ya jiwe. Ninachokumbuka mimi ni matope mdomoni. Kumbe matope hakuna, ni vumbi la ua wangu, na mimi nimelala juu ya mtoto, nimemfunika kwa mwili mzima, yeye analia chini yangu, na mke wangu ananivuta shati, "Ondoka, unamuua! Baba, unamuua!"

Mimi nilikuwa namwokoa. Hilo ndilo linalonitia hasira kupita yote. Nilikuwa namwokoa mwanangu kwa nguvu zangu zote, na nguvu hizo zikamvunja mkono juu ya kiwiko.

Kesho yake mke wangu alipanda lori la kwenda Nzega, kwa wazazi wake, mtoto kafungwa mkono kwa ubao na kitambaa. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni na furushi lake la nguo akaniambia, "Sikuachi. Lakini sirudi kwenye nyumba ambayo siwezi kuangusha mwiko." Wiki haijaisha shemeji yangu akatuma neno kwa dereva wa lori: watarudi nikipona, na wao ndio watakaosema nimepona, si mdomo wangu. Mdomo wangu! Kama kuna mtu nilitamani kumlehemu midomo ni yule shemeji.

Katika hali hiyo ndipo nilipofanya kosa ambalo Tabora bado wananitania nalo.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kizaramo, mpika vitumbua, nyumba ya tatu kutoka karakana yangu. Baba yake alikuja na misafara ya zamani kutoka pwani, akaoa, hakurudi. Sasa kila mtu hapa anajua: Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Babu zetu waliibeba mizigo ile njia nzima mpaka pwani, wakaugua kwa Wazaramo, wakazikwa na Wazaramo, na Wazaramo walipofia huku tukawazika sisi. Ndiyo maana mtani ana haki ya kukutukana mbele za watu na huruhusiwi kununa. Akichukua kuku wako, unacheka. Ukifa, yeye ndiye anayekuja kukuosha, huku anakudhihaki. Mtu anaweza kugombana na ndugu yake akasamehewa. Kumkasirikia mtani ni aibu isiyo na jina.

Asubuhi ile alipita karakana na sinia la vitumbua kichwani. Mwanafunzi wangu mmoja, mzembe, akaangusha debe tupu. Mimi huyo, chini ya meza. Wateja, kila mmoja akatazama pengine, kama kwamba heshima ni kutazama pengine. Yule mama akainama akachungulia:

"Jamani, Mnyamwezi! Unatafuta nini huko chini? Umepoteza mzigo wa bwana wako?"

Watu wakapasuka kucheka. Hata mafundi wangu. Nikatoka chini ya meza sioni mbele, nikalipiga teke lile sinia, ambalo alikuwa amelitua, vitumbua vikatawanyika barabarani.

Kicheko kikakatika. Yeye hakufoka. Alivitazama vitumbua vyake, akanitazama mimi, akasema polepole, "Huyu mtu anaumwa."

Jioni ile wazee wa mtaa waliniita. Mmoja alikuwa anatetemeka kwa hasira: "Umemkasirikia mtani wako? Basi nani atakuosha ukifa? Utaoza na ujuzi wako wa bati?" Wakamwambia mama yule ataje faini. Mimi nilishajiandaa kwa mbuzi wawili, nikasema kwa kiburi, taja hata watatu.

"Mbuzi wako sitaki," akasema. "Vikaango vyangu vina masizi. Huyu atakuja kila Jumatatu asubuhi uani kwangu anisugulie vikaango, mpaka niseme basi."

Wazee wakacheka wakashukuru kwamba mambo yamekuwa utani tena. Mimi, fundi mkuu wa Mtendeni, nikasugue vikaango! Sikukubali kwa hiari. Nilikubali kwa sababu nilifikiria habari ikifika Nzega kwamba nimekataa faini ya mtani, mke wangu simpati tena.

Jumatatu ya kwanza nilimkuta amemaliza kupika, amekaa kwenye kibao. Akanisukumia kikaango, mchanga na majivu.

"Umekuja, mpagazi?"

"Nimekuja, Mzaramo mla nazi."

"Afadhali mla nazi kuliko mla matobolwa, viazi vikavu. Sugua." Akaniacha kidogo. Kisha akasema, "Babu yako alikuwa mpagazi?"

Nikajivuna. Babu yangu alibeba pembe mpaka pwani mara saba.

"Basi unajua. Akirudi haingii ndani. Anatua nje, mtani anamuuliza kwanza: nani umemwacha njiani? Anataja kambi kwa kambi, nani kafia wapi, nani kazikwa, nani kaachwa. Akimaliza anaoshwa mikono, ndipo anaingia kwa mkewe. Wewe ulitua wapi?"

"Stesheni."

"Nani alikuuliza?"

Niliingia kwangu moja kwa moja na buti, huo ndio ukweli. Nilipewa pombe nikaanza kusimulia nilivyolenga.

"Haya, nakuuliza mimi," akasema. "Nani umemwacha njiani?"

Nikamwambia. Nikamwambia habari za meli, za miji mikubwa, za sajini aliyenisifu mbele ya kikosi kizima, na nilivyobeba bunduki mbili kupanda mlima. Yote kweli. Yeye akapiga miayo mpaka nikaona magego.

"Hizo umeshawauzia watu wa kahawani. Kikaango hiki bado kina masizi. Nenda."

Sasa nyinyi mnaokuja kwa kunong'ona, sikilizeni hapa, maana mimi hakuna aliyeniambia. Mnadhani mtu akianza tiba anaanza kupata nafuu. Uongo! Wiki ile ya kwanza nilikuwa mbaya kuliko wakati wowote. Nilichoma kidole kwa chuma cha kulehemu, mimi, ambaye sijajichoma tangu nikiwa mwanafunzi. Chakula hakikupita. Mambo niliyokuwa nimeyafungia yalisikia mlango umegongwa. Nilimchukia yule mama kuliko Mjapani. Tegemeeni hivyo. Mtamchukia anayewauliza, na mtatafuta kila sababu ya kutorudi: kazi nyingi, mguu unauma, mvua inakuja.

Jumatatu ya pili nilisugua tu, naye akanisimulia magoti yake yanavyouma. Ya tatu sikwenda. Saa nne akaja mwenyewe mpaka mlangoni, mikono kiunoni, karakana imejaa wateja.

"Yuko wapi yule msugua vikaango wangu? Masizi yamefika kwenye mpini!"

"Nina kazi, mama."

"Kazi gani? Ya kujificha chini ya meza? Twende!"

Nilikwenda. Ningefanya nini? Mtani ni mtani. Lakini njiani nilimtukana kimoyomoyo matusi yote ya kikosini, na nilijua mengi.

Siku hiyo alianza jambo jingine. Alichukua kifuniko cha sufuria, akakiinua. "Mtani, naangusha."

"Usiangushe."

"Naangusha. Nimekwambia mapema, si bomu, ni kifuniko, nimekinunua kwako na hakifuniki vizuri." Akaangusha.

Nilishtuka, jasho likanitoka, lakini sikulala chini. Akakiokota. "Naangusha tena." Mara kumi alifanya hivyo, kila mara anasema kwanza, na katikati anatukana kazi yangu ya bati. Sijui hasira ilinishika kwa ajili ya kelele au kwa ajili ya kile kifuniko, maana kilifunika vizuri sana, niulizeni mimi. Ila kila Jumatatu aliongeza, na zilipopita nyingi akawa anaangusha bila kusema, na mimi nikabaki nimekaa. Nilitetemeka, ndiyo, lakini nilibaki nimekaa.

Na kila Jumatatu swali lilikuwa lile lile.

Niliyemwacha njiani alikuwa mtu wa kwetu Ipuli. Tuliandikishwa siku moja. Kule milimani, msimu wa mvua, tulikuwa tunapeleka mizigo na nyumbu ndani ya msitu wa mianzi. Makombora yakaanza asubuhi mapema. Mimi niliangukia nyuma ya gogo. Yeye alipigwa tumbo, hatua kama ishirini kutoka kwangu, mahali pa wazi. Hakufa. Aliniita. Hakuita sajini, hakuita mama, aliniita mimi, kwa jina la utotoni ambalo kikosini hakuna mwingine aliyelijua, anaomba maji. Chupa yangu ilikuwa imejaa. Alianza kuita jua likiwa chini na akaniita mpaka jua likawa utosini. Nikalala nyuma ya gogo na matope mdomoni. Sikwenda. Hakuna risasi iliyokuwa inapita wakati huo, nataka mjue na hilo. Palikuwa kimya kabisa, na mimi sikwenda.

Tulipotoka alikuwa amekwisha. Nilimchimbia kaburi mimi mwenyewe. Nikarudi nikamwambia mama yake kwamba alikufa papo hapo, hakusikia maumivu. Akanishukuru, akanipa kuku.

Hayo niliyasema Jumatatu moja huku nimeshika kikaango. Sijui kwa nini siku ile. Labda kwa sababu mikono ilikuwa na kazi na macho yalikuwa chini. Nilisema nikiwa na hasira, nilikuwa nampigia kelele mtani wangu, "Ulitaka hiyo? Haya, hiyo! Umefurahi?"

Hakucheka. Uani kwake hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho nilipomwona hacheki. Aliinuka, magoti yakalia, akaleta maji kwenye bakuli, akaniosha mikono mpaka kwenye viwiko, polepole, kidole kwa kidole, kama wanavyoosha maiti. Masizi yote yakatoka. Akauliza, "Mama yake yupo?"

"Alikufa mwaka juzi."

"Basi utabaki nalo hilo neno la uongo. Siwezi kuliosha."

Akamwaga maji. Kisha akakaa kibaoni kwake akasema, "Jumatatu ijayo utaniambia tena."

"Tena? Si nimekwisha kusema!"

"Umesema kwa kunipigia kelele. Utasema tena ukiwa umekaa kama mtu. Mpagazi gani wewe, unatua mzigo kwa kuutupa?"

Nikakirusha kile kikaango ukutani, nikaondoka. Jumatatu nikarudi. Nikasema tena, na tena, Jumatatu saba, kila mara ananirudisha nyuma: mvua ilikuwa kubwa kiasi gani, gogo lilikuwa la mti gani, yule mwenzangu alivaa nini. Mara ya saba niliweza kusema mpaka mwisho na moyo ukabaki mahali pake. Huzuni ilikuwepo, bado ipo. Ila ilikuwa imekuwa jambo lililotokea kule Burma, halikuwa tena uani kwangu. Siku hiyo akaniambia, "Faini imekwisha. Vikaango vyangu umeviharibu kwa kuvikwangua. Nenda kwa mkeo."

Nikapanda lori la Nzega. Nilivaa koti zuri, nikabeba beseni jipya la kumpelekea mkwe, kazi safi, hakuna mshono unaoonekana. Nilifikiri nitaingia kama mshindi.

Shemeji aliniweka nje, kwenye kigoda, upande wa zizi. "Mwangaluka," akaniamkia, baridi kama maji ya mtungi, akaenda zake kwenye pamba. Mama mkwe alijificha ndani kama ilivyo adabu, akatuma beseni lipokewe. Mwanangu alinichungulia kwenye kona ya nyumba. Mkono umeunga, umepinda kidogo. Nilimwita. Hakuja.

Mke wangu akaja, akakaa chini, mbali kidogo. Nikamweleza yote. Gogo, maji, jina la utotoni, kuku niliyepewa na mama wa marehemu. Nilisema nikiwa nimekaa kama mtu. Nilipomaliza nilingoja anionee huruma. Hata kidogo.

"Miaka mitano," akasema. "Miaka mitano nalala na wewe kitanda kimoja, nakuuliza una nini, unaniambia mimi ni mwanamke, sijui vita. Kisha ukaenda kumwambia mpika vitumbua."

"Ilikuwa faini."

"Na mimi sikuwa na haki ya faini? Mkono wa mwanangu ulikuwa kitumbua?"

Nikasema, "Nimepona."

Akainuka, akachukua mchi uliokuwa umeegemea ukutani, akauachia juu ya beseni langu jipya, bila kusema. Mlio ule! Kuku walitawanyika. Mimi nilifumba macho, nikashika kigoda kwa mikono miwili mpaka vidole vikauma, lakini sikuondoka kitini. Nilipofumbua alikuwa amesimama mbele yangu ananitazama usoni kama anatazama nyama sokoni. Beseni lilikuwa limebonyea.

"Hujapona," akasema. "Ila unaweza kukaa." Akaenda akaongea na kaka yake kwa muda mrefu. Aliporudi akasema, "Mimi nitakuja na wewe. Mtoto atabaki mpaka baada ya mavuno. Nitakaa nikuone kwanza."

Mwanangu! Mtoto wangu wa kumzaa, aachwe kama dhamana, na mimi fundi mkuu nitazamwe kama sufuria inayopimwa kwa maji. Nilitaka kusema mambo ambayo yangeharibu kila kitu, yalikuwa yamefika mpaka kwenye meno. Nikauma meno. Nikasema, "Sawa."

Tulipanda lori la mchana, yeye na furushi lake, mimi na koti langu. Nilikasirika njia nzima, kutoka Nzega mpaka Tabora, nikilaani serikali, shemeji, barabara, na dereva aliyekuwa anapiga honi bila sababu. Mke wangu hakunibembeleza. Aliniacha nikasirike, na kila lori liliporuka shimo na bodi ikalia, alikuwa ananitazama mikono.